Bwana Magofu Apiga Hodi

Sauti ilifika kabla ya mtu.

"Hodi!"

Ilikuwa sauti nene, iliyonyooka, ya mtu aliyezoea kuitikiwa. Nilikuwa ndani kwa Shangazi, pale Kivinje, nachambua mchele kwenye ungo, nikadhani wanabisha kwetu. Nikafungua mdomo niitikie. Shangazi akanizuia kwa kiganja.

"Si kwetu. Sikiliza."

"Hodi!" ya pili ikaja, na baada yake kimya kirefu cha heshima. Kisha ya tatu, ya upole zaidi, kama ya mtu anayeomba radhi kwa kusumbua. Nikachungulia dirishani. Ng'ambo ya kichochoro kulikuwa na nyumba ya mawe isiyokaliwa na mtu tangu sijazaliwa. Mti ulikuwa umeota sebuleni na kutoa matawi dirishani kama mtu anayeanika nguo. Mbele ya mlango wake alisimama mwanamume mwenye shati la mikono mirefu lililopigwa pasi, faili kwapani, kofia ngumu ya ujenzi kichwani, akisubiri kukaribishwa na popo.

Popo hawakusema karibu. Alitikisa kichwa kwa masikitiko madogo, kama mtu aliyepishana na wenyeji kidogo tu, akafungua faili, akaandika, akaiendea nyumba ya pili, nayo tupu. Hodi.

"Huyo," alisema Shangazi, "ndiye aliyeletwa kuufufua mji."

Kwetu mtumishi wa serikali hupewa jina la kazi yake, lake likasahaulika. Yupo Bwana Shamba, yupo Bwana Afya, yupo Bwana Samaki ambaye hajui kuogelea. Cheo cha huyu kilikuwa kirefu kuliko kichochoro chetu: ndani yake mlikuwa na uhifadhi, na urithi, na mipango, na uhuishaji wa katikati ya mji wa kale. Watu wakakipima, wakaona hakipiti mlangoni, wakamwita Bwana Magofu.

Alilichukia jina hilo. Alitaka aitwe Bwana Uhifadhi. "Hapa hakuna gofu," alikuwa akisema, naye amesimama katikati ya gofu. "Kuna majengo yanayosubiri." Siku moja Somoe, jirani yetu aliyekuwa akikaanga samaki barazani kwake, alimwuliza yanasubiri nini. Akajibu bila kusita, "Yanasubiri taratibu."

Sasa, kila mtoto wa pwani hufundishwa kwenye chuo cha Kurani kwamba mgeni hupiga hodi mara tatu, asipoitikiwa, hurudi. Hashindani na mlango, hachungulii, hazunguki uani. Adabu hiyo ni nzuri na imewaokoa wengi na aibu. Lakini sidhani kama waliotufundisha walimfikiria mtu ambaye kazi yake ni kukagua nyumba zisizo na watu. Bwana Magofu alipiga hodi kwenye kila nyumba tupu ya Kivinje, masika na kiangazi, miaka na miaka, na katika kila moja aliandika kwa mwandiko wake mzuri wa kulala: mwenyeji hakupatikana. Ripoti ikapanda Masoko kwenye makao ya wilaya, ikarudi imegongwa mhuri, mwaka mwingine ukaanza.

Somoe alikuwa na maelezo yake. "Anaogopa nyoka. Hizo hodi ni za kumpa nyoka nafasi ya kuvaa."

Shangazi alikataa. "Huyo kalelewa, basi. Ila walimlea wakapitiliza."

Jambo hili lingekuwa la kuchekesha tu, kama Shangazi asingekuwa na ghorofa.

Nyumba ilikuwa ya ukoo wa marehemu mume wake. Yeye aliishi chini, vyumba viwili na ua. Juu hapakuwa na mtu tangu mkwewe wa mwisho alipofariki, na paa la juu lilikuwa limeanza kukaribisha mvua. Mbele kulikuwa na mlango wa nakshi, wa mbao mbili, miimo yake imechongwa minyororo na maua ya yungiyungi, mweusi kwa mafuta ya nazi ambayo Shangazi aliupaka kila mwezi wa Shaabani, kama anavyopakwa mtoto. "Niliingia mlango huu kwa vigelegele," alikuwa akituambia, "na nitautoka kwa tahalili." Hakuwa na tamaa nyingine niijuayo. Nyumba isimame mpaka atolewe humo akiwa jenezani, na atolewe kwa mlango ule ule. Basi.

Mwaka ambao ufuta wa shamba lake la Tingi ulikubali, alinunua bati za kutosha paa zima. Zikaletwa kwa lori, zikaegemezwa uani zinang'aa. Kabla fundi hajapanda ngazi, tukasikia sauti.

"Hodi!"

"Karibu."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Afadhali umekuja. Ghorofa inavuja."

"Bati haliruhusiwi katika eneo la urithi, mama. Linaua sura ya mji."

"Na mvua inaua nini?"

"Mvua ni ya asili, mama."

Shangazi akameza hilo taratibu. "Haya. Niezeke kwa nini?"

"Kwa vifaa vya wazee wetu. Boriti za mkoko. Chokaa ya matumbawe yaliyochomwa."

"Nikate mkoko?"

"Ukikata mkoko unashtakiwa."

"Nichome matumbawe?"

"Hapo ndipo utafungwa kabisa."

"Sasa mwanangu, nifanyeje?"

Uso wa Bwana Magofu ukang'aa kwa furaha ya mtu aliyeulizwa swali alilolisomea. "Ndiyo maana uhifadhi ni taaluma, mama."

Kulikuwa na njia, alieleza. Kibali maalumu. Kibali hicho kingewezekana baada ya ukaguzi wa ghorofa. Tukafurahi sote. Shangazi akamwonyesha ngazi. Bwana Magofu akavua kofia ngumu, akasimama kwenye kipandio cha kwanza, akainua uso kuelekea giza la juu.

"Hodi!"

Shangazi akanitazama. Nikamtazama Shangazi.

"Mwanangu, juu hakuna mtu. Mimi ndiye mwenye nyumba, na mimi nimeshakukaribisha."

"Umenikaribisha chini, mama. Hodi!"

Baada ya ya tatu akavaa kofia yake, akaandika, akaaga. Bati zikabaki uani. Kuku wakazigundua, wakaanza kutaga nyuma yake.

Sitaki mnielewe vibaya. Mtu huyu aliupenda mji kuliko wengi wanaoujua kwa kuzaliwa tu. Aliweza kuweka kiganja ukutani, akafumba macho, akakuambia palipopigwa plasta ya saruji juu ya mawe, na akakasirika kama aliyekuta amedanganywa na mkewe. "Saruji ni mkwe mkorofi," alisema. "Anaingia kwa nguvu, na siku akitoka anaondoka na ukuta." Usemi huo ulienea mpaka Nangurukuru, watu wakautumia kwa wakwe wa kweli. Alikuwa na mwingine: "Nyumba mpya ina mwenyewe, nyumba ya zamani ina wenyewe." Aliusema polepole akiwaangalia vijana, ili wasikie ule wingi.

Yeye mwenyewe aliishi Masoko kwenye nyumba ya matofali ya saruji, bati la buluu, madirisha ya alumini, na kiyoyozi kilichodondosha maji kwenye ndoo. Niliwahi kutumwa huko na Shangazi kumkumbusha ukaguzi. Alinikaribisha soda, akaniona naangalia dari.

"Unashangaa," alisema.

"Hapana, mzee."

"Nyumba ya mtu ni ya kulala. Mji wa kale ni wa kuamka nao." Akausikiliza usemi wake, akaupenda, akautafutia karatasi.

Kisha ukaja mradi. Sikumbuki walioleta fedha ni akina nani; bango lao lilikuwa kubwa kuliko jengo la soko lililokuwa likielezwa kwenye bango hilo. Gari la matangazo likapita mitaani na spika juu: wananchi wote, Jumatano, mkutano wa kuhuisha mji wetu.

Mkosi ulikuwa kwenye neno. Masoko, ofisini, kuhuisha ni kupaka rangi, kuweka taa na kuvuta watalii. Kivinje, mbele ya msikiti, kuhuisha ni kutoa uhai, na anayetoa uhai anajulikana. Wazee wakashauriana baada ya alasiri. Mji kweli ulikuwa umekufa, hakuna aliyebisha. Kama serikali imeamua hatimaye kuuombea, heri. Siku ya Jumatano Bwana Magofu alifika na projekta, fulana zilizoandikwa "Tuhuishe Mji Wetu" na wageni kutoka Dar, akakuta mikeka imetandikwa, vyetezo vinafuka ubani, na wazee waliovaa kanzu wamefika katikati ya Yasini.

Adabu haimruhusu mtu kukatiza Yasini. Alikaa. Wageni wakakaa, wakavua viatu. Yasini ikaisha, dua ikafuata, ndefu, yenye kutaja mtaa mmoja mmoja na nyumba moja moja kwa majina ya waliozijenga, na kila nyumba ikaitikiwa amina. Wageni walipiga picha. Ripoti ilisema ushiriki wa wadau ulikuwa wa hali ya juu.

"Mdau ni nani hasa?" Somoe alimwuliza wakati wa pilau.

"Ni kila mwenye maslahi na mji."

"Na asiyekula?"

"Asiyekula?" Bwana Magofu alifikiri. "Huyo ni mwananchi."

Fulana tulivaa sote. Somoe ya kwake aliifanya kitambaa cha kushikia karai la mafuta, mpaka ikabaki "huishe Mji" tu. Barabara ya mbele ikapakwa chokaa upande unaoonekana na mwenye kupita kwa gari. Yaliwekwa mabenchi mawili ya kupumzikia watalii, na kwa kuwa mchoro ulishikwa juu chini, yakageuzwa mgongo kwa bahari yakatazama ukuta wa choo cha soko. Bwana Magofu alikuja kuyakagua. Alikaa kwenye moja muda mrefu. Akasema ukuta ule nao ni wa zamani.

Lakini kumbukumbu yangu kubwa ya utumishi wake ni mazishi. Nyumba ilipoanguka, na zilianguka, hasa masika, Bwana Magofu hakuja na faili. Alikuja na kanzu na kofia ya vito. Aliwapa mkono wa pole majirani mmoja mmoja, akasema innalillahi, akakaa kwenye mkeka kando ya kifusi akasimulia habari za marehemu: aliyeijenga, boriti zilitoka wapi, harusi gani ilifanyika humo. Hapo hakuhitaji ripoti, alijua vyote. Alilia mara moja nikiwapo, kwa nyumba ya ule mti wa sebuleni. Tukawa na mji wenye afisa hodari kuliko wote wa pwani hii, katika kuzika.

Baada ya ile nyumba, Shangazi aliamua kutumia akili. Siku ya ukaguzi alinipandisha ghorofani mwenyewe. "Ukisikia hodi ya pili, itikia. Si ya kwanza, atashtuka."

Nilikaa juu kwenye sakafu iliyolegea, naona anga kwenye paa. Chini sauti ikaita. Nikahesabu. Ya pili ilipokuja nikasema, "Karibu!" na nakiri nilisema kwa madaha.

Nikasikia faili ikifunguliwa.

"Mama," nikasikia sauti ya Bwana Magofu, imebadilika, "juu anakaa mtu?"

"Anakaa," alisema Shangazi. "Mpwa wangu. Panda, mwanangu, umekaribishwa."

"Basi jengo si tupu."

"Si tupu."

"Basi halistahili kibali cha jengo tupu. Hilo ni kundi la makazi. Na kwa makazi yenye paa la namna hiyo, mama, hatua ya kwanza ni kumhamisha mkazi kwa usalama wake." Alipumua. "Mkishamhamisha, jengo litakuwa tupu. Hapo nitakuja kukagua."

Niliteremka. Shangazi alikuwa amekaa kwenye kipandio cha chini, ameshika tama. Hakukasirika. Alisema tu, akiitazama ngazi, "Basi ghorofa yangu haiponi. Ikiwa na mtu haiponi, ikiwa haina mtu haiponi."

Ilishuka masika yaliyofuata, mchana, Shangazi akiwa Tingi kwenye palizi. Kwa kuwa Bwana Magofu hakuipanda ghorofa, ghorofa ilimshukia. Ilichukua na kuta za kando. Ukabaki ukuta wa mbele na mlango wake, ngazi iliyopanda kwenda mbinguni, na ule ua wa nyuma wenye bati, kuku na vifaranga, wote wazima.

Bwana Magofu alikuja na kanzu. Alikuja na mchele na sukari, kama inavyopasa msibani. Shangazi alivipokea kwa mikono miwili.

"Asante, mwanangu. Marehemu aliugua muda mrefu. Alikuwa akimsubiri daktari apande."

Aliinamisha kichwa. Halafu, kwa sauti ndogo, akiangalia kando: "Mama, sasa bati linaruhusiwa. Jengo limeshatoka kwenye orodha."

Kwa hiyo zile bati zikaezekwa kwenye chumba kidogo kilichojengwa uani, na Shangazi akahamia humo. Kila Shaabani aliendelea kuupaka mlango mafuta. Watu walipita kwa pengo la kando, mbuzi wakapita kwa pengo la kando. Yeye alipita mlangoni. Akitoka, alifunga.

Bwana Magofu alistaafu. Nami nilihamia Dar, nikawa narudi sikukuu kwa sikukuu. Ilikuwa Idi ya juzi juzi, mchana wa jua kali, tunakula Shangazi na mimi uani, niliposikia pikipiki ikisimama, kisha ile sauti, imekonda kidogo.

"Hodi!"

Kutoka tulipokaa tulimwona wazi kwa pengo. Alikuwa amesimama mbele ya mlango, amevaa fulana ya "Tuhuishe Mji Wetu" iliyofifia, anautazama kwa adabu. Angeweza kugeuza shingo tu akatuona tunakula. Hakugeuza. Shangazi alimwacha mpaka ya tatu.

"Karibu."

Akausukuma mlango, akaingia, akala Idi nasi, akasifu mchuzi. Alipomaliza kunawa alikaa kwenye kipandio cha chini cha ile ngazi. Nikaona hajui mikono aiweke wapi, faili haikuwapo.

"Mama, nimekuja kwa heri. Siku hizi namshauri mwekezaji. Anajenga hoteli kule Masoko." Alikohoa. "Ameuona mlango wako kwenye picha. Ataujengea ukuta wake maalumu, pale mapokezi, chini ya taa. Hautapata mvua tena. Na wewe atakujengea chumba cha matofali, choo ndani, feni. Utahifadhiwa, mama. Mlango, yaani."

Shangazi aliinua macho kwenye chumba chake cha uani. Jua lilikuwa limeshika bati juu yake. Chumba kile mchana huwezi kukaa, na magoti yake usiku hayakumpeleka chooni bila kulia. Nilijua hayo, na mgeni pia aliyajua. Macho ya Shangazi yalikwenda mlangoni yakakaa huko. Niliogopa. Niliogopa atasema ndiyo, na niliogopa zaidi kwamba angekuwa na haki.

"Chumba ni kizuri," alisema hatimaye. "Mimi sina neno. Ila mimi hapa niliolewa tu, mwanangu. Nyumba ya zamani ina nini vile? Ulikuwa unasemaje?"

Bwana Magofu akaumalizia usemi wake. "Ina wenyewe."

"Nao walikuwa wakikaa juu. Waulize kwanza. Wakikubali, uchukue."

Nilidhani atacheka. Nilikuwa tayari kucheka naye. Lakini alisimama, akageukia ngazi. Vipandio vilipanda, vikakatika. Juu yake palikuwa na anga jeupe la mchana na kunguru mmoja anayepita. Alitaka kuvua kofia ngumu, akakumbuka hana, akapitisha mkono kwenye mvi.

"Hodi!"

Somoe, barazani kwake, aliacha kugeuza samaki.

"Hodi!"

Alisubiri. Sijawahi kumwona mtu akisubiri jibu namna ile, shingo imenyooka, kama aliyesikia nyayo.

"Hodi," alisema ya tatu, chini kabisa.

Alipogeuka, uso wake ulikuwa wa mtu aliyetua mzigo.

"Hawapo, mama."

"Hawapo."

"Nitamwambia mwekezaji mwenyeji hakupatikana."

"Mwambie."

Alivaa viatu. Mbuzi wa Somoe aliingia kwa pengo la kando akaanza kula maganda yetu. Mgeni alimpisha, akauendea mlango, akauvuta mwenyewe, akavuka kizingiti kwa mguu wa kushoto kama anayetoka msikitini. Shangazi alimfuata, mkono mmoja kwenye mwimo.

"Kwa heri, mama."

"Ya kuonana, Bwana Uhifadhi."

Kisha Shangazi akazirudisha mbao zote mbili nyuma ya mgeni, akashusha komeo.